Kamera haiijui ngozi yetu

Kamera yoyote utakayoishika leo, iwe mtumba wa Kariakoo au mpya ndani ya boksi, inaamini kwamba dunia ni ya kijivu. Ndani yake kuna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho hakijui kwamba mbele yake amesimama bibi harusi mwenye shela jeupe pe, au mvuvi mweusi ti aliyetoka kuvuta nyavu. Kinachofanya ni kukusanya mwanga wote unaoingia, kuutafutia wastani, kisha kuuvuta wastani huo mpaka ulingane na kijivu cha katikati, kile ambacho kwa desturi ya fani hii huhesabiwa kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwa picha ya barabara, majani na nyumba, hesabu hiyo hutoka vizuri. Kwa nyuso zetu huharibika mara nyingi.

Msimamishe dada yako mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na matokeo yake ukuta unatoka kijivu huku uso wa dada ukizama gizani, macho hayaonekani. Sasa msogelee mpaka uso wake ujaze picha nzima. Kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi ile nzuri inachujuka na kupata rangi ya majivu, wakati kitambaa cheupe alichojifunga kichwani kinaungua hadi nyuzi zake hazionekani. Mtu ni yuleyule, jua ni lilelile, na kamera imekosea mara mbili kwa njia mbili tofauti. Kamera za miaka ya karibuni hutambua uso na kujaribu kujirekebisha, lakini hata hizo huchanganyikiwa pale weusi na weupe vinapokaa bega kwa bega, na hivyo ndivyo vilivyo karibu kila harusi ya kwetu.

Dawa yake ni kitufe kimoja chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Weupe ukitawala picha, jumlisha: hatua moja, wakati mwingine moja na nusu. Weusi ukitawala, toa: theluthi mbili ya hatua, au hatua nzima. Kisha usitazame picha tu kwenye kioo cha nyuma, maana kioo hicho hudanganya ukiwa juani. Fungua histogramu, ule mchoro unaofanana na mlima. Mlima ukibanwa ukutani upande wa kulia, kuna mahali pameungua. Kamera nyingi pia zinaweza kuwekwa zipepese sehemu zilizoungua, na mtu anayeanza aiwashe huduma hiyo siku ya kwanza asiizime tena.

Nimeanza hapa, kabla ya kutaja kamera ya aina gani wala lenzi ipi, kwa sababu vijana wengi wanaonijia na swali la kuanza kupiga picha huja na swali la dukani. Swali la dukani lina majibu mengi, na mengi yako sawa. Kuujua mwanga unavyoangukia uso wa mtu mweusi ni ujuzi ambao hauuzwi na duka lolote, na vitabu vingi vya maelekezo vinavyokuja na kamera havigusi kabisa jambo hilo.

Havikusahau kwa bahati mbaya. Enzi za filamu, kuanzia miaka ya 1950, Kodak iliwapelekea mafundi wa maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo ikajulikana kwa jina la Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha za mwanzo. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, na hapo kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika. Ngozi nyingine zote zilitoka zitakavyotoka. Kwa maelezo ya watu waliofanya kazi ndani ya kampuni hiyo, msukumo mkubwa wa kuboresha filamu ili ishike vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka chokoleti ya maziwa isifanane na ile nyeusi kwenye matangazo. Mbao zilisikilizwa mapema kuliko nyuso za watu. Kila nikikumbuka jambo hilo huniuma, na ndiyo sababu sikubali kijana wa kwetu ajifunze kupiga picha kana kwamba kamera haina upande. Hata kwenye simu, ni mwaka 2021 ndipo Google ilipotangaza Pixel 6 pamoja na mfumo uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya ngozi nyeusi na za kahawia.

Sensa ya kidijitali yenyewe haibagui. Inahesabu mwanga unaoifikia basi. Lakini programu inayogeuza hesabu hizo kuwa picha imeandikwa na watu, na mwenye kuiongoza ni wewe uliyeshika kamera.

Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya Kodak ya sanduku, ile iliyoitwa Box Brownie. Miaka michache baadaye, mwaka 1963, alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapohapo Dar, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilizunguka dunia nzima. Kamera ya sanduku haikuwa na mengi ya kurekebisha. Aliyeishika alibaki na mambo matatu ya kuchagua: asimame wapi, mwanga utoke upande gani, na abonyeze sekunde ipi. Sidai kwamba kamera duni ndiyo iliyomfanya mkubwa. Nasema mambo hayo matatu ndiyo yanayobeba picha mpaka leo, na kwamba anayeanza ayashughulikie kwanza.

Tuchukue mwanga wa kwetu ulivyo. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mnamo Oktoba, na miezi mingine halikai mbali. Saa sita mchana mwanga unashuka wima: paji la uso linang'aa, matundu ya macho yanajaa giza, kivuli cha pua kinaanguka juu ya mdomo. Usimpige mtu picha ya sura pale. Msogeze barazani, au chini ya upenu, mahali ambapo anga linamwangaza kutoka mbele lakini jua halimgusi. Mti nao ni kivuli, ila uwe mwangalifu na mwembe: majani yake mazito humwagia ngozi rangi ya kijani, na mwanga unaopenya katikati yake huweka madoa ya jua usoni ambayo hakuna programu itakayoyaondoa vizuri. Mchanga mweupe wa pwani husaidia, kwa sababu hurudisha mwanga chini ya kidevu. Sakafu ya saruji iliyopauka hufanya hivyohivyo. Kitenge chekundu alichovaa mtu wa jirani nacho hurudisha mwanga, mwekundu, kwa hiyo tazama ni nani amesimama karibu na unayempiga.

Jioni yetu ni fupi. Karibu na ikweta jua huzama likiwa limenyooka, halilali ubavuni kama kule Ulaya wakati wa kiangazi. Ule mwanga laini wa dhahabu huanza kama saa kumi na moja hivi, na jua likishazama una dakika ishirini na kitu tu kabla giza halijatawala. Mteja akikuambia mkutane ufukweni saa kumi na mbili, mwambie saa kumi na nusu.

Lakini shule bora kuliko zote ni mlango wa nyumba. Nenda kwa bibi yako asubuhi, nyumba ikiwa na mlango unaotazama uani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, nikae wapi na kamera yako hiyo?" Mwekee kigoda ndani, hatua moja kutoka kizingitini, amegeukia mlango lakini si moja kwa moja, kama mtu anayemsikiliza jirani aliyesimama nje. Taa za ndani zote zizimwe. Sasa usipige, tazama. Bibi amejipaka mafuta ya nazi tangu alfajiri, na mwanga wa mlango umelala kwenye mfupa wa shavu lake kama utepe mpana, ukashuka pembeni mwa pua, ukagusa ukingo wa mdomo wa chini. Huo mng'ao ndio unaochora uso mweusi. Kwenye ngozi nyeupe, umbo la uso husomeka zaidi kwa vivuli. Kwenye ngozi nyeusi husomeka zaidi kwa mng'ao. Ndiyo maana hupaswi kumwambia bibi ajifute mafuta, na ndiyo maana flashi ya kamera ikipigwa usoni moja kwa moja huharibu: chanzo chake ni kidogo mno, mng'ao unakuwa madoa makali kwenye paji na ncha ya pua, na shavu linabaki tambarare. Mlango ni chanzo kikubwa, hivyo mng'ao wake ni mpana na laini.

Mwombe ageuze kichwa taratibu kuelekea nje mpaka jicho la mbali nalo lipate nukta ya mwanga. Hapo simama. Nyuma yake chumba kina giza, ngozi yake nyeusi, kwa hiyo kamera itataka kuongeza mwanga na kuharibu kila kitu. Toa hatua moja. Piga. Rudi saa nane, rudi saa kumi na moja, kigoda kilekile, mlango uleule, uone jinsi mwanga unavyobadilisha umri wa mtu. Zoezi hili halihitaji kamera ya bei. Hata simu yenye uwezo wa kushusha mwanga kwa kidole inafaa.

Kazi yenye fedha, hata hivyo, kwa wapiga picha wengi wa kwetu iko ukumbini, usiku, kwenye harusi na kitchen party. Huko mwanga ni wa shida, na huko ndiko mambo mengine matatu, ya ufundi, yanapoanza kuwa na maana: tundu la lenzi, kasi ya shata, na ISO. Tundu hupimwa kwa namba zinazowachanganya wanaoanza, kwa sababu namba ndogo ndiyo tundu kubwa: f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, na kila ukipanda hatua moja mwanga unapungua nusu. Kasi ya shata ni muda ambao sensa inaachwa wazi. ISO ni kiasi cha kukuza kile ambacho sensa imekipokea, na ukiipandisha sana picha inaingia chenga.

Lenzi inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu ni ile ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo Canon na Nikon wote wanaiuza kati ya lenzi zao za bei ya chini kabisa, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ukumbini ni hii: bibi harusi anaingia akicheza na wasimamizi wake, lenzi ya kwanza inakudai uache shata wazi kwa sekunde 1/20, na mikono yote ya wachezaji itakuwa ukungu; lenzi ya pili, kwa mwanga uleule, inakupa 1/200, na vidole vinaonekana kimoja kimoja. Hakuna kamera mpya itakayokupa faida hiyo kwa gharama hiyo. Mtu akiwa na fedha kidogo, namshauri bila kusita anunue kamera ya mtumba na lenzi nzuri.

Tundu kubwa lina sharti lake. Ukiwa na lenzi hiyo ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa ndogo, umesimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, f/1.8 inakupa unene wa sentimita sita au saba tu ulio mkali. Fokasi ikikamata sikio, macho yamepotea. Weka nukta moja ya fokasi, uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili bega kwa bega, panda hadi f/2.8 au f/4. Ukoo mzima ukiwa umejipanga mistari mitatu, usithubutu chini ya f/5.6.

Kuhusu chenga, waanzaji huziogopa kupita kiasi. Kamera ya miaka kumi iliyopita hutoa picha inayofaa kabisa kwa albamu ikiwa ISO 3200. Chenga zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Na ukiona mistari ya giza inapita kwenye picha zako za ukumbini, kamera haijaharibika. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Shusha shata hadi 1/100 na mistari hiyo mara nyingi itaondoka.

Ukilazimika kutumia flashi, ielekeze juu irudi kutoka darini. Ila kwanza tazama dari. Kumbi zetu hupambwa kwa vitambaa kutoka ukuta hadi ukuta, na flashi iliyopigwa kwenye kitambaa cha waridi hurudi na rangi ya waridi kwenye nyuso za wakwe. Tafuta ukuta mweupe pembeni, au shati jeupe la mwenzako.

Sasa dukani. Megapikseli zisikutishe. Kamera ya kwanza ya kidijitali ya kujitegemea, aliyoitengeneza Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kuchapisha picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 kwa ubora wa juu kunahitaji megapikseli zipatazo 9. Canon 5D ya mwaka 2005 tayari ilikuwa na zaidi ya 12. Kwa hiyo karibu kila kitu utakachokiona kwenye kabati la kioo, Mtaa wa Aggrey wa Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, kina uwezo unaouhitaji.

Uzima wa kamera ndilo jambo la kuchunguza. Shata za kamera ndogo nyingi hukadiriwa kudumu mibonyezo 100,000, na zipo programu za bure zinazoweza kusoma idadi hiyo kwenye kamera nyingi. Muuzaji akikataa usisome, ondoka. Piga picha anga la buluu kwa f/16 uone kama kuna madoa ya vumbi au mikwaruzo ya sensa. Anayenunua Nikon za daraja la chini, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, ajue kwamba hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D zitakaa lakini atafokasi kwa mkono. Aulize zilizoandikwa AF-S. Kamera zisizo na kioo ndani, ambazo ndizo Canon na Nikon wanazitengeneza kwa nguvu sasa, ni nzuri, nyepesi, na hutambua macho zenyewe, lakini wimbi hilo ndilo lililoteremsha bei za DSLR, zile zenye kioo, na anayeanza leo anavuna hapo.

Kwa lenzi ya mtumba, kipimo cha kwanza ni tochi ya simu. Fungua vifuniko vyote viwili, angaza kutoka nyuma, chungulia kutoka mbele. Vumbi kidogo si neno. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, zenye matawi. Huo ni ukungu, na unakula vioo vya lenzi polepole. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar, popote penye joto na unyevu wa bahari, ukungu ndio adui wa mpiga picha, na begi la ngozi lililofungwa chini ya uvungu ndilo shamba lake. Hifadhi lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Vikishalowa unyevu, badilisha. Lenzi ipate mwanga na hewa kila wiki, itumike. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto, la sivyo vioo vitajaa jasho sherehe ikianza.

Jambo moja zaidi kuhusu lenzi, kwa sababu linaharibu picha nyingi za familia. Sura ya mtu inabadilika kwa umbali uliosimama. Ukimkaribia mno ili ajae kwenye lenzi pana, pua yake inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma. Simama mita mbili, vuta kwa lenzi, na atajitambua. Vivyo hivyo picha ya ukoo: mpiga picha anasimama karibu, anafungua lenzi hadi milimita 18, wote wanaingia, na shangazi aliyesimama ukingoni anatoka mpana kuliko alivyo. Atakasirika, na ana haki. Rudi nyuma, pandisha hadi 35, na waliokaa pembeni uwe umewaweka kwa kujipinda kidogo kuelekea kwako.

Nyumbani, kwenye kompyuta, ndiko kamera inaposahihishwa kwa mara ya mwisho, na ndiko wengi wanapoharibu. Piga kwa faili la RAW. Picha ya JPEG huhifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na kamera imeshaamua weupe na giza kwa niaba yako. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384, na hizo ndizo zinazokuwezesha kuinua uso wa bwana harusi kutoka gizani bila kuchoma shela lililo pembeni yake. Linda weupe wakati wa kupiga, inua weusi wakati wa kuhariri. Nyeupe iliyoungua haifufuki. Programu si lazima ziwe za kulipia: darktable na RawTherapee ni za bure kabisa, Snapseed inafanya kazi nyingi kwenye simu. Zile zilizovunjwa kufuli na kuuzwa kwenye flashi diski mitaani achana nazo. Virusi vilivyomo vimeshameza harusi za watu.

Anza na rangi ya mwanga, maana taa za ukumbini ni za njano na za zambarau kwa pamoja. Tafuta kitu unachojua ni cheupe, kanzu au sahani, urekebishe kutoka hapo. Kisha mwanga wa jumla, kisha vivuli. Ngozi uiache ya mwisho, na uitazame kwa makini sana.

Hapa nina msimamo mkali. Kwenye programu hizi rangi ya ngozi zetu huangukia upande wa chungwa, na kuna kitelezi cha kung'arisha rangi hiyo. Ukikisukuma kulia, mtu anakuwa mweupe kwa sekunde moja. Studio nyingi hukisukuma bila hata kuulizwa, na vichujio vya simu hufanya hivyo vyenyewe, vikifuta na vinyweleo na chanjo ya begani. Pwani yetu ina historia ndefu ya kuchezea picha kwa ustadi: Omar Said Bakor wa Lamu, kwa mkasi na gundi enzi za filamu, aliunganisha watu na vitu ambavyo havikuwahi kukaa pamoja, na kazi hiyo hutazamwa leo kama sanaa. Ile ilikuwa ndoto ambayo kila mtu aliiona kuwa ndoto. Kumchubua mteja kimyakimya ni jambo lingine. Unamkabidhi mtu picha ya siku kubwa ya maisha yake ukiwa umemwambia, bila maneno, kwamba alivyokuja hakutosha. Ondoa chunusi, itapona wiki ijayo hata hivyo. Kovu muulize. Rangi usiiguse, isipokuwa kuirudisha pale kamera ilipoikosea.

Kabla ya kuweka picha mtandaoni ili kutafuta wateja, omba ruhusa kwa maandishi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na mwaka 2023 kuna taasisi Kenya zilizotozwa mamilioni ya shilingi kwa kutangaza picha za watu bila ridhaa yao. Weka kipengele hicho kwenye makubaliano kabla hujapokea malipo ya awali.

Kisha chapisha. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo picha iliyokaa sawa kwenye kioo hutoka na giza kidogo kwenye karatasi, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza. Agiza kipande cha majaribio, ukitazame nje kivulini. Mashine za studio nazo hujirekebisha zenyewe kwa wastani. Mwombe fundi azime marekebisho hayo akuchapie faili lako kama lilivyo.

Mafaili yenyewe yaweke kwenye diski mbili, na diski hizo zisikae nyumba moja. Miaka itapita, na simu itakuja alfajiri kutoka kwa mtu uliyempigia harusi zamani. Mama amefariki, inatafutwa picha ya kuweka msibani, na anakumbuka kwamba kuna moja uliyompiga mama akiwa amekaa na wakwe meza ya mbele, anacheka. Atakuuliza kama bado unayo, na wanaihitaji kabla ya saa nne.